Kabla hujazalisha paka wa Sokoke, zungushia majina

Jamani, wenye paka wa Sokoke, kabla hujampeleka jike kwa dume acheni kwanza kushangaa yale manyoya yanayofanana na gome la mti (ndo maana Wagiriama wanamwita khadzonzo), ulizeni babu zake ni kina nani.

Hawa paka ni wa huku kwetu pwani ya Kenya, pale msitu wa Arabuko-Sokoke, Jeni Slater alianza kuwafuga 1978, halafu 1984 wachache wakapelekwa Denmark na ukoo wa zamani wa huko Ulaya umetokana na hao hao, sasa ukizidi kuozesha ndugu kwa ndugu, ugonjwa uliojificha kwa baba na kwa mama unakutana kwa mtoto.

Omba pedigri (karatasi ya ukoo wa paka) ya vizazi 5. Shika kalamu, zungushia kila jina linalotokea upande wa baba na upande wa mama pia. Dume mmoja akiwa babu wa vitoto pande zote mbili, kiwango cha udugu (uwezekano wa kitoto kurithi kinasaba kile kile kutoka kwa babu mmoja kupitia baba na mama) tayari ni 12.5%, kaka na dada wakizaa ni 25%, na hapo bado hujarudi nyuma mpaka kwa wale wa Denmark, ukifika huko namba inapanda. Mimi ikizidi 6% natafuta dume mwingine hata kama huyu ana makombe ukuta mzima. Bora dume wa ukoo mpya, wale waliotolewa Watamu miaka ya 2000.

Halafu pima damu. Jike wa kundi B akizaa na dume wa kundi A, vitoto vinazaliwa vizima kabisa, vinanyonya, siku mbili tatu vinaanza kufa kimoja kimoja na mwenye paka anasema kijicho, kumbe ni yale maziwa ya kwanza ya mama, yana kinga inayoshambulia damu ya vitoto vya kundi A. Kama mimba ishaingia, vitoe kwa mama siku nzima ya kwanza uvipe maziwa ya paka ya unga kwa chupa, ongea na daktari wa mifugo mapema.

Vipimo vya DNA navyo fanya, ila usihasi kila anayebeba kinasaba kibaya kimoja cha ugonjwa wa kurithi unaojificha (unaotokea tu mtoto akipata kinasaba hicho kwa baba na kwa mama), mwenyewe kwa kawaida haumwi, mpe mwenza asiye nacho hakuna mtoto atakayeugua, kisha kwenye uzao baki na yule msafi. Ukiwatupa wote utabaki na paka wangapi?