Kagua Miguu Yako Kila Usiku: Mwongozo kwa Mwenye Kisukari

Mzee mmoja wa Langoni, mtaa wa Lamu, alikuja kwangu kulalamikia macho. Alipovua kandambili, nikaona msumari umepenya soli hadi kisiginoni. Alitembea nao tangu alfajiri, wala hana habari. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mguu hunyamaza hata ukichomwa.

Hatua ya 1: Tazama. Ukirudi kutoka Isha, keti penye mwanga, weka kioo sakafuni, inua unyayo juu yake. Tafuta wekundu, lengelenge, ufa. Macho yakiwa mazito, mwite mjukuu.

Hatua ya 2: Jaribu ganzi. Fumba macho. Mwenzako akuguse kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi, sekunde 1 au 2: ncha ya dole gumba, ya kidole cha kati, ya kidole cha mwisho, miguu yote miwili. Asibonyeze, asikune, asirudie. (Wake wengine hutekenya makusudi; jaribio limeharibika.) Kila ukihisi, sema ni kulia au kushoto. Miguso ni 6. Ukikosa 2 au zaidi, mwone daktari, na pekupeku basi, hata ndani ya nyumba.

Hatua ya 3: Kausha. Anayetawadha mara 5 kwa siku miguu yake ni safi, ila maji hubaki kati ya vidole na fangasi huotea hapo. Beba kitambaa cha pamba. Mafuta ya nazi ni ya magaga ya kisigino, si ya katikati ya vidole.

Hatua ya 4: Kucha zikate kwa kunyooka, usichimbe pembeni. Sugu usiiguse kwa wembe. Hina haina neno. Piko iliyotiwa rangi ya nywele huunguza.

Hatua ya 5: Viatu. Hapa ndipo tunapogombana. Kandambili hukwaruza kati ya vidole na huacha kisigino wazi. Tafuta kiatu laini cha kufunika, ukinunue jioni miguu ikiwa imevimba. Kabla ya kuvaa kikung'ute, upitishe mkono ndani: mchanga na vipande vya kombe hujificha.

Hatua ya 6: Ukiumia, osha kwa maji safi na sabuni, funika, nenda zahanati siku hiyohiyo. Majivu na dawa ya meno usitie. Mguu ukivimba, ukipata moto, ukinuka au ukigeuka mweusi, hata kama hauumi, nawe uko Faza, kisiwani Pate, usingoje boti ya kesho.