Jinsi ya kuusoma mzunguko wa miamba kwenye jiwe moja la granaiti

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwanafunzi wa sekondari hapa Mwanza. Duara la miamba, yaani mchoro wa jinsi mwamba wa aina moja unavyogeuka kuwa wa aina nyingine, alilichora vizuri daftarini, ila ukimpa jiwe mkononi, kimya. Na Mwanza granaiti imetapakaa kila mahali, hadi Mwamba wa Bismarck ule ziwani.

Tafuta nyundo, miwani ya kukinga macho, msumari, chupa ya kioo na lenzi ya kukuza mara 10. Kamera ya simu iache mfukoni.

1. Pata uso mpya. Vunja jiwe, au waombe wavunja kokoto kipande. Ganda la nje lililochakaa halifai.

2. Tambua madini. Hapa ndipo wengi hukwama. Simama juani ugeuze jiwe polepole. Punje inayomulika ghafla kama kioo, yenye uso bapa, ni feldispa. Huwa nyeupe au ya waridi. Kwatzi haina uso bapa: ni ya kijivu, inaonekana kama chupa iliyovunjika. Usitegemee rangi peke yake, maana feldispa nyeupe na kwatzi hufanana sana kivulini. Msumari nao unadanganya. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs (1 hadi 10), feldispa ni 6 na kwatzi ni 7, kwa hiyo msumari haukwaruzi hata moja. Ule mstari wa kijivu unaouona ni chuma kilichobaki juu ya jiwe. Lowesha kidole, usugue, utafutika. Punje nyeusi zichokoe: zikibanduka vipande vyembamba kama karatasi, huo ni ulanga. Zisipobanduka, huenda ni honiblendi, madini mengine meusi. Siki usihangaike nayo, ni ya mawe ya chokaa.

Ukubwa wa punje unakuambia kwamba uji wa moto ulipoa taratibu, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Granaiti hizi zina zaidi ya miaka bilioni 2.5, kilichozifunika kimeshamomonyoka.

3. Hakikisha si naisi, mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo. Punje nyeusi zikijipanga mistari pande zote za jiwe, hiyo ni naisi.

4. Tikisa chupa. Chota changarawe laini chini ya jabali, tia maji, tikisa, weka chini. Kwatzi hutua mara moja. Maji yanabaki na ukungu: huo ni udongo wa mfinyanzi, uliokuwa feldispa kabla maji ya mvua yenye asidi kidogo hayajaibadilisha.

5. Chora mzunguko, ukianza na mchanga na tope la chupani. Mchanga ukifukiwa na kushikana huwa jiwe la mchanga. Joto na mgandamizo hulifanya kwatzaiti. Matope huwa mwamba wa tope, kisha sleti. Miamba yenye kwatzi na feldispa pamoja ikizama zaidi, penye maji, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 650 hadi 700 za Selsiasi.

Lile duara la daftarini silipendi. Ongeza mishale ya kukatisha katikati: mmoja kutoka granaiti moja kwa moja hadi naisi, mwingine kutoka jiwe la mchanga kurudi mchanga.