Kumfundisha mwanafunzi kusoma tatizo lisilo na jibu moja

Mpe mwanafunzi kisa cha kampuni ambayo mauzo yake yameshuka. Kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza atasema, "Waongeze matangazo." Majibu anayo tele, tatizo lenyewe ndilo hajalisoma.

Chagua kisa cha kurasa mbili au tatu, ukikate pale mhusika anapotakiwa kuamua. Kodak, kampuni ya Marekani ya vifaa vya kupigia picha, inafaa sana. Mwaka 1975 mhandisi wake, Steven Sasson, aliunda kamera ya kidijitali iliyochukua sekunde 23 kurekodi picha moja, ilhali kampuni iliishi kwa kuuza filamu za kamera. Ishia hapo. Ukigusia kwamba mwaka 2012 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, darasa litaanza kusoma kutoka mwisho na kuona uamuzi ulikuwa rahisi. Wanaoujua mwisho wakiwa wengi, tafuta kisa kingine. Futa pia maswali yaliyochapwa mwishoni, maana kila swali limeshamchagulia mwanafunzi tatizo.

Katika kipindi cha dakika 90, tenga 15 za kusoma kimya, kisha 10 za kila mmoja kuandika peke yake sentensi moja: nani anaamua, anachagua kati ya nini na nini, na nini kinambana. Usiiruke hatua hii. Ukianza na vikundi, mwenye sauti kubwa ndiye atakayewaamulia wenzake tatizo ni lipi. Sentensi kama "Kampuni haina matangazo ya kutosha" irudishe kwa mwandishi. Hilo ni jibu lililovishwa nguo za tatizo.

Dakika 25 zinazofuata ni za vikundi vya watu wanne na karatasi yenye safu tatu: yaliyoandikwa, tunayodhani, tusiyoyajua. Pita ukiuliza, "Aya ya ngapi?" Utashangaa mambo mangapi yatahama safu ya kwanza kwenda ya pili. Mara nyingi "wateja wanataka bei nafuu" haimo katika aya yoyote.

Dakika 40 za mwisho ni za mjadala. Andika ubaoni sentensi mbili zinazopingana, uulize: tatizo likiwa hili, mhusika afanye nini kesho? Likiwa lile? Hatua zikifanana, huenda sentensi hizo ni moja kwa maneno tofauti. Katikati ya mjadala ongeza taarifa moja mpya, kisha waache waandike upya sentensi zao. Uso wako usioneshe upande unaoupenda; wanafunzi huusoma haraka kuliko kisa.

Katika alama 10, toa 4 kwa sentensi ya tatizo, 4 kwa ushahidi, 2 kwa pendekezo. Ukigeuza uzito huo, wiki ijayo watakimbilia matangazo tena.