Translokesheni: tazama kwanza kinachohama
Jana huku Mbagala, nikimsomesha mdogo wangu wa kidato cha sita, nimeona hili linasaidia sana. Ukikuta neno translokesheni, yaani kuhama kwa kitu, kwenye swali la baiolojia, pigia mstari kinachohama, maana kila fani ina mzigo wake. Sukari? Ni mimea: inasafiri ndani ya floemu, mirija ya chakula iliyo karibu na gome, ndiyo maana mwembe uliobanduliwa gome kuzunguka shina huvimba juu ya jeraha. Kipande cha kromosomu, uzi unaobeba jeni? Jenetiki, namba 9 na 22 zikibadilishana vipande huweza kuleta aina ya saratani ya damu. Faru? Uhifadhi, akihamishiwa makazi mengine. Mbinu hukwama ndani ya seli: protini kuvuka utando, na ribosomu (kiwanda cha protini) kusogea kodoni moja (herufi tatu za RNA, uzi unaobeba ujumbe wa jeni), vyote huitwa hivyo. Hapo angalia njia: utando, au uzi wa RNA.