Kabla hujasema hulipendi: namna ya kuonja tunda usilolijua

Watu wengi ninaowasikia wakisema tunda flani ni baya, ukiwahoji kidogo tu unagundua hilo tunda hawajawahi kulila likiwa tayari. Walikula bichi, au walitafuna sehemu ambayo hata waliolizoea wanaitupa. Mi mwenyewe stafeli nilikaa miaka mingi siligusi, sababu siku ya kwanza nililikata bado gumu, lina uchachu mkavu, nyama haiachii kokwa, nikasema basi hili sio la kuliwa. Siku niliyolipata limelainika lenyewe, linamong'onyoka mkononi, ndo nikaelewa nimejinyima nini. Kwahiyo haya nayaandika kwa moyo kabisa, inaniuma mtu kulikosa tunda zuri maisha yote kisa siku moja lilipokatwa kabla ya wakati.

Kabla hata ya kugusa kisu ulizia mambo matatu kwa mtu anayelijua: linaitwaje, likiiva linakuwaje, na kipi kinaliwa kipi kinatupwa. Hilo la tatu ndo watu wanalipuuza na ndo lenye hatari kuliko yote. Chukua mfano wa aki, tunda ambalo asili yake ni Afrika Magharibi ila kule Jamaika ndo limekuwa chakula cha taifa. Kinacholiwa pale ni ile nyama ya njano tu, na ni mpaka tunda lipasuke lenyewe likiwa bado mtini. Likichumwa bado limefunga lina sumu inaitwa haipoglisini ambayo inashusha sukari mwilini ghafla, mtu anatapika na anaweza kufa, na zile mbegu nyeusi zina hiyo sumu hata tunda likiwa limeiva. Marekani walilizuia lisiingie nchini kwao tangu 1973, na la kopo walikuja kuliruhusu mwaka 2000. Sasa mtu akikuletea kitu kama hicho we ukabugia tu sababu rangi imekuvutia, utakuwa umejiingiza pabaya bila sababu.

Na hapohapo niseme, yote ninayoelekeza hapa ni kwa tunda ambalo kuna watu wanalijua na wanalila. Tunda la porini usilolijua hata jina, usilionje, hata kidogo. Kuona ndege wanalila au nyani wanalila sio ushahidi, matumbo yao sio yetu, na wengine mbegu wanazimeza zinatoka nzima wakati we ungezitafuna.

Sasa kuiva, hapa ndo pa kukaa sana. Kuna kukomaa na kuna kuiva, ni vitu viwili. Tunda likikomaa limemaliza kukua, ila linaweza kuwa bado gumu na chachu. Embe, papai, ndizi, parachichi, pera, pasheni, stafeli, topetope, fenesi, doriani (lile kubwa lenye ganda la miiba na harufu kali), hayo yakichumwa yamekomaa yanaendelea kuiva nyumbani, kwahiyo unaweza kuyavundika. Unalifunga kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, ndizi inatoa gesi ya ethilini na hiyo gesi ndo inaliamsha tunda lilainike na litoe harufu yake. Mfuko wa karatasi sio wa plastiki, maana plastiki inatunza unyevu na ukungu unaanza. Na usiliweke kwenye friji kabla halijaiva, matunda ya nchi za joto baridi linayaumiza, yanaweka madoa meusi ndani na mengine hayaivi tena hata ukiyatoa. Friji ni ya baada ya kuiva.

Kundi la pili ni nanasi, lichi (dogo la duara, ganda jekundu, nyama nyeupe), shokishoki, pitaya (lile jekundu la jamii ya dungusi kakati ambalo wengine wanaliita dragoni). Haya yakishachumwa utamu ndo huohuo, hauongezeki. Yatalainika, yatabadilika rangi, ila utamu hamna. Ukinunua chachu utakula chachu, kwahiyo hapo kazi yote iko kwenye kuchagua, na kama unaweza kuonja kipande kabla hujabeba, onja.

Rangi inadanganya sana. Mi naamini pua na kidole gumba. Nusa pale kwenye kikonyo, tunda la harufu likiiva harufu inaanzia pale, ukikuta hamna harufu kabisa lipe muda na ukikuta harufu ya pombe limepitiliza. Stafeli libonye taratibu, likiingia kidogo kama unabonya mkate basi limefika, na likishafika lile ndani ya siku moja au mbili maana haliningojei mimi wala wewe. Topetope angalia vile vinundu vyake, vikianza kuachana na katikati pakawa peupe peupe liko karibu. Pasheni ya zambarau ndo inachanganya watu, wanachagua iliyonyooka inang'aa wakati iliyokunjamana ganda ndo tamu. Mangostini nalo ni kinyume na ulivyozoea, ganda lake ni nene la zambarau na linatakiwa libonyee kidogo, likiwa gumu kama ubao na halifunguki ujue limezeeka na ndani limeharibika. Geuza mangostini chini utaona alama kama ua dogo, hesabu petali zake, idadi hiyo ndo idadi ya vipande vyeupe utakavyokuta ndani. Ukipata lenye petali nyingi vipande vinakuwa vidogo na vingi havina mbegu, hilo ndo la kuchagua.

Osha tunda kwa maji yanayotiririka hata kama ganda huli, sababu kisu kikipita kwenye ganda chafu kinaingiza uchafu wote kwenye nyama. Sabuni usitumie.

Kukata kila moja lina yake. Fenesi lina utomvu unaonata vibaya sana na maji hauyasikii, kwahiyo kabla hujaanza paka mafuta ya kula mikononi, kwenye kisu na hata kwenye ubao, ukishanata toa kwa mafuta kwanza ndo sabuni ifuate. Unachokula ni vile vipande vya njano, zile nyuzi nyuzi zinazovizunguka achana nazo, mbegu usizile mbichi ila zikichemshwa au kuchomwa ni chakula kizuri tu. Shokishoki usilipasue katikati kwa nguvu, zungushia kisu kwenye ganda tu juu juu alafu zungusha vipande viwili kama unafungua chupa, ukikata mpaka kwenye mbegu lile ganda la mbegu linalofanana na mbao linabandukia kwenye nyama na ndo mtu anakwambia shokishoki linakwaruza. Mangostini pia kata ganda peke yake, na angalia nguo, maji ya lile ganda yakidondoka kwenye nguo nyeupe hayatoki. Pitaya halina shida, pasua katikati ule na kijiko, vile vimbegu vyeusi unameza. Salak, lile lenye ganda kama magamba ya nyoka, unalibana pale kwenye ncha mpaka linavunjika alafu unamenya, ndani kuna kingozi chembamba kwenye nyama kisugue kitoke kabla hujala, na mbegu ni ngumu kama jiwe kwahiyo ng'ata taratibu.

Haya, kuonja kwenyewe. Usionje umetoka kupiga mswaki, dawa ya meno inaharibu ladha kwa muda, hata chungwa la kawaida utaliona chungu. Tunda liwe na joto la kawaida la chumba sababu baridi linaficha harufu na utamu, na matunda haya uzuri wake nusu ni harufu. Isipokuwa doriani, hilo kama unaliogopa lianze baridi, harufu inapungua na ndani linakuwa kama malai. Doriani harufu yake ina viambata vya salfa, vya jamii ile ya kitunguu na yai viza, ndo maana kwenye treni za Singapore kuna alama kabisa inayokataza kuingia nalo. Ila kinywani ni kitu kingine, ni tamu, ni zito kama mafuta, na harufu ile ukishaanza kutafuna unaisikia tofauti. Lipe nafasi, ukiweza kulila nje penye hewa ndo vizuri zaidi.

Anza na kipande kidogo kama ncha ya kidole. Kiguse kwenye mdomo wa nje, subiri dakika chache, mdomo ukiwasha au ukivimba usiendelee. Kama kimya, kitafune taratibu huku unapumua kwa pua, meza, tulia robo saa ndo uongeze. Siku ya kwanza usile mengi hata kama umelipenda, tumbo nalo linakuwa halijalizoea, na usichanganye matunda mapya mawili siku moja maana likikudhuru moja hutajua ni lipi.

Jua unachokisikia ulimini. Uchachu ni sawa, ukakasi (ule unaokausha mdomo kama umelamba vumbi) mara nyingi maana yake ni tunda bado halijawa tayari, ingawa bibo lina ukakasi hata likiiva na ndivyo lilivyo. Nanasi linachonyota ulimi sababu lina kimeng'enya kinachoitwa bromelini ambacho kinasaga protini, kwahiyo usidhani umelogwa ulimi ukiwasha baada ya kula nusu nanasi. Ila ukisikia uchungu mkali unaobaki, au kama sindano zinachoma, tema na usukutue. Tunda la monstera, lile la mmea wa majani makubwa yenye matundu ambao watu wanaupanda majumbani, likiwa bichi lina vijisindano vya oksaleti vinavyochoma koo kweli kweli, unatakiwa usubiri magamba yake yadondoke yenyewe na ule pale tu yalipodondoka.

Kuna watu inabidi wawe makini zaidi na hili naomba usiliruke. Kama una shida ya figo, karambola (lile ukilikata linatoka umbo la nyota) usilile kabisa hata kipande kimoja, lina oksaleti na sumu inaitwa karamboksini ambazo figo zima linazitoa ila lililochoka linashindwa, mtu anaanza kwikwi isiyokata, anachanganyikiwa, wengine wamepoteza maisha. Kama unatumia dawa za kolesteroli au presha muulize daktari kabla ya kula balungi, linafanya baadhi ya dawa zizidi kwenye damu. Kama glavu za mpira zinakuwasha, papai, parachichi, ndizi na pasheni zinaweza kukuletea mzio pia. Ganda la embe na utomvu wake lina kemikali ya jamii moja na ile ya ganda la korosho, kwahiyo mtu akitoka vipele mdomoni baada ya kung'ata embe na ganda, mara nyingi nyama anaweza kula vizuri tu ikimenywa na mtu mwingine. Stafeli na topetope mbegu zitoe zote, hasa ukiwa unasaga juisi, zina sumu zikisagwa. Na lichi usimpe mtoto mwenye njaa ale tu hizo jioni nzima alafu akalala bila chakula. Kule Muzaffarpur India watoto walikuwa wanaumwa ghafla kila msimu wa lichi, na utafiti uliotoka 2017 ulihusisha ugonjwa ule na lichi, hasa kwa watoto waliolala bila kula, zina sumu ya jamii ileile ya aki. Mtoto aliyeshiba akala chache mbivu hana shida.

Mtu yeyote akila tunda akavimba ulimi, sauti ikabadilika au akaanza kupumua kwa shida, hapo hamna maziwa wala mkaa, ni hospitali mbio. Lakini ukila pitaya la ndani jekundu kesho yake ukaona choo au mkojo mwekundu, tulia, ni rangi ya tunda inatoka.

Usipolipenda mara ya kwanza liache wiki mbili tatu alafu ujaribu lingine, sio kile kipande kilichobaki, lingine kabisa lililoiva vizuri zaidi. Kwa watoto ndo usikate tamaa mapema, wanaweza kuhitaji kuonja kitu mara nane, kumi au zaidi ndo wakikubali, na kulazimisha kunaharibu. Ukiona ni muundo wake ndo unakushinda na sio ladha, badilisha namna. Stafeli linalokuteleza vibaya mdomoni toa mbegu, lipondeponde na maziwa kidogo, chuja, utakunywa glasi mbili. Pasheni kama mbegu zinakusumbua chuja maji yake. Papai ambalo unaliona linanuka nuka likamulie ndimu, ndimu inaikata ile harufu. Chumvi chembe mbili tatu inapunguza uchungu kwenye tunda lolote.

Na lililobaki usilitupe. Menya, toa mbegu, kata vipande, panga kwenye sahani visigusane ugandishe kwanza, vikishakuwa vigumu ndo uvikusanye kwenye mfuko mmoja, havitanatana, na hapo una cha kuonja tena wiki ijayo ukiwa na hamu tofauti.