Triathloni safarini ukiwa na maumivu ya kano la kisigino

Mwongozo huu ni wa mwanamichezo wa triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) mwenye kano linalouma katikati, sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino, na anasafiri kikazi wiki mbili tatu. Kulipumzisha kabisa ni kosa kubwa kuliko kulifanyisha kazi: linalegea, na siku ukirudi barabarani linauma upya.

Hatua ya 1: Mkoba

Raba ulizokwisha kuzizoea, boya la kubana mapajani, pedeli zako, spana ya 15 mm, begi imara la mgongoni. Pima urefu wa siti yako, kutoka ekseli ya katikati pedeli zinapozungukia hadi juu ya siti, uuandike kwenye simu. Kandambili ziishie bafuni.

Hatua ya 2: Baiskeli

Baiskeli nyingi za jimu hupokea pedeli za kawaida. Ya kushoto hufunguliwa kinyume, yaani kwa mwelekeo wa saa. Weka siti kwa kipimo chako. Ikizidi juu, unachongoa vidole na kano linavutwa kila mzunguko. Mazoezi makali yote yahamishie hapa, ukiwa umekaa.

Hatua ya 3: Kuogelea

Kwenye bwawa, ukigeuka, usijisukume kwa nguvu kutoka ukutani. Dar au Mombasa, ingia baharini karibu na maji kujaa, ukijua kujaa huko huchelewa kama dakika 50 kila siku. Waulize wavuvi wa pale. Siku za maji mafu (maji yanapojaa na kupwa kidogo) mkondo ni mpole kuliko za bamvua (yanapojaa na kupwa sana).

Hatua ya 4: Ngazi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, basi soma taratibu.

Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, mkono ukutani. Inua kisigino kwa sekunde 3, kishushe kwa sekunde 3 hadi kipite chini ya ngazi. Seti 3 za 15 goti likiwa limenyooka, kisha 3 za 15 goti likiwa limekunjwa kidogo. Usiruke hizo za pili: ndizo zinazofikia msuli wa ndani wa shavu la mguu, ambao hubeba mzigo mkubwa unapokimbia. Fanya siku moja, ruka moja.

Anza kwa miguu miwili, kisha mmoja. Ukimaliza 15 kwa mguu mmoja bila kuchoka, ongeza uzito, siyo idadi. Chupa sita za maji za lita moja na nusu begini ni kilo 9. Weka taulo katikati yake zisicheze, maana begi likiyumba nawe unayumba, na kifundo cha mguu kinageukia ndani.

Maumivu yapime kwa 0 hadi 10. Mpaka 5 wakati wa zoezi si tatizo, ilimradi kesho asubuhi hatua zako za kwanza kutoka kitandani zisiwe mbaya kuliko za jana. Zikiwa mbaya, punguza chupa, usiache zoezi. Ugumu unaousikia ukishuka basi baada ya saa nane za kukaa usiuhesabu, ngoja asubuhi.

Tahadhari moja: kama panapouma ni pale kano linaposhikana na mfupa wenyewe, fanya sakafuni, kisigino kisishuke chini ya usawa. Kikishuka, kano linabanwa kwenye mfupa na maumivu yanazidi.

Hatua ya 5: Kukimbia

Barabara tambarare tu. Mchanga wa ufukweni unavutia, lakini kisigino huzama na kano hunyooka kupita kiasi, milima vilevile. Dakika 1 kimbia, 1 tembea, mara 10, kwa siku ambazo hufanyi ngazi. Kamba ya kuruka iache nyumbani.

Hatua ya 6: Duka la dawa

Ukiharisha safarini, mwambie mfamasia mapema kwamba una tatizo la kano. Dawa iliyoandikwa Ciprofloxacin, ambayo watu huinunua kirahisi, inaweza kudhoofisha kano hata kulikata, hasa kwa waliopita miaka 60 au wanaotumia dawa za steroidi. Anza na ORS, na antibiotiki nyingine mwachie daktari akuchagulie. Ukisikia mlio wa ghafla nyuma ya mguu ukashindwa kusimama kwa vidole, nenda hospitali siku hiyohiyo.