Kwenda Kazini Nairobi Ukitoka Kaunti Jirani: Uliza Haya Kabla ya Kupanda Gari

Anayetoka Thika, Kitengela, Ngong au Kikuyu mara nyingi hulaumu foleni, na kusahau dakika alizokaa garini likiwa bado steji. Swali la kwanza basi ni gari litaondoka lini. Matatu ya viti 33 haiondoki mpaka ijae. Usiikadirie kwa macho ukiwa mbali. Wapiga debe huketi ndani ili ionekane imebakisha wawili, kisha huinuka mmoja mmoja kila abiria wa kweli anapoingia. Utawatambua: hawana mkoba, na hukaa upande wa ujia. Chagua gari ambalo dereva keshashika usukani na injini inanguruma, ingawa mngurumo nao wakati mwingine ni chambo.

Swali la pili ni njia. Namba 237 ni ya Thika, lakini magari ya namba hiyo hayaendi kwa mwendo mmoja. Thika Road ina njia kuu katikati na barabara za pembeni zenye steji. Gari linaloshika njia kuu huzipita steji nyingi. Linalookota abiria huingia pembeni Roysambu, likaingia tena Githurai, na hapo ndipo nusu saa huyeyuka. Muulize makanga waziwazi, "Mnaokota njiani ama ni moja kwa moja?" Ukishukia Githurai au KU (Chuo Kikuu cha Kenyatta), mwambie kabla hujakanyaga ngazi.

Upande wa Mombasa Road kuna Expressway, barabara ya juu ya kulipia yenye kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Gari likishapanda juu, steji ya Bellevue utaiona kwa dirisha tu, kwani kushuka ni hadi kwenye njia za kutokea. Tozo ya barabara huingizwa kwenye nauli. Jumatatu asubuhi inafaa. Jumapili ni kuchoma pesa.

Na kama huna shughuli mjini, usiingie mjini. Wa Ruiru anayeelekea Athi River apite barabara ya Eastern Bypass, aunganishe gari jingine Cabanas, inapokutana na Mombasa Road.

Nauli haina bei moja. Jioni hupanda kwa sababu gari hutoka mjini limejaa na kurudi karibu tupu, kwa hiyo wewe unalipia safari mbili. Mvua ikinyesha, hesabu nyingine kabisa. Kubaliana bei ukiwa bado mlangoni. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na usifute ujumbe mpaka ushuke, maana makanga wakibadilishana zamu utadaiwa tena. Anayetoa noti ya elfu aidai chenji mapema, si akikaribia steji yake.

Kuna pia kukatishwa safari: gari la Thika lenye abiria wachache hukushusha Juja na kukuhamishia jingine. Usimwache makanga wa kwanza aende mpaka umwone akimkabidhi mwenzake nauli yako. Ahadi ya "nimeshamwambia" haitoshi.

Wa Syokimau, Ruiru na Limuru wana treni pia. Haijali foleni, ila safari zake ni chache na hutegemea ratiba. Fika stesheni robo saa mapema, na ujue matatu utakayopanda treni ikikuacha.